Vidole Vinne vya Bibi

Juzi mvua ilinyesha huku Nkuhungu. Kama umewahi kuishi Dodoma unajua mvua ya huku ilivyo: inakuja kama mgeni wa mbali, kwa nadra, lakini ikija inakuja na mizigo yake yote. Nusu saa tu, barabara iliyo mbele ya banda langu la kukaangia samaki ikawa mto wa maji mekundu. Nikaepua karai, nikavuta kigoda karibu na mlango, nikakaa kutazama. Mimi maji yakitembea lazima nikae niyatazame, hata kama mteja anasubiri.

Watoto wa nyumba ya pili walitoka na beseni la bluu la mama yao. Wakaliweka juu ya maji, likaelea. Wakatia kandambili, likaelea. Wakatia kopo la mchanga, wakatia nusu tofali, wakamtafuta na paka, bahati yake akawa ameshapanda ukutani. Kila walichoongeza walipiga makofi, na kila walipopiga makofi beseni lilikuwa limeshuka kidogo. Nikajikuta nimesimama, mikono imejaa mafuta, nasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka: "Ishieni hapo. Pimeni kwanza vidole vinne."

Wakanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa na moshi. Halafu yule mdogo wao, ambaye bado hajaanza hata shule, akaniuliza kwa upole, "Vidole vya nani, dada?"

Nikakaa chini, rafiki yangu. Swali hilo niliwahi kuulizwa mara moja tu maishani, na siku hiyo nusura watu wawili wazame.

Mimi nimekulia Kondoa, upande wa Busi, kwenye kijiji chenye ziwa. Najua unatabasamu. Ukimwambia mtu wa pwani kuwa nyumbani kwenu Dodoma mlikuwa na mtumbwi, anakuuliza mlikuwa mnauendesha kwenye vumbi. Lakini ziwa lilikuwepo. Halikuwa la kwenye ramani kubwa. Lilikuwa ziwa la kuja na kuondoka: masika makorongo ya vilimani yalilijaza hadi likafika kwenye mashamba ya watu, kiangazi likarudi nyuma taratibu na kutuachia tope lililopasuka kama mguu wa mkulima. Sisi watoto tulidhani maziwa yote ya dunia yana tabia hiyo.

Mama yangu alikuwa mjini akitafuta maisha, mimi nikabaki na bibi, mama yake mama. Babu sikumkuta. Nilichokikuta ni mtumbwi wake aliouchonga mwenyewe kutoka kwenye mti mmoja wa mkuyu. Alipofariki ukabaki kwa bibi, na bibi hakuuza wala hakuazimisha. Mjomba wangu, mwanawe wa mwisho, mtu wa maneno machache kama aliyewekewa kipimo, ndiye aliyeingia majini kuvua. Lakini mwenye mtumbwi alikuwa bibi. Yeye ndiye aliyesema leo unatoka au hautoki.

Asubuhi zetu zilinuka samaki. Kabla ya shule nilikuwa nageuza kambale juu ya kichanja cha moshi, mmoja mmoja, nikihakikisha mikia haiungui. Moshi huo niliuvaa hadi darasani, na mwalimu wetu alikuwa akipita kwenye dawati langu anavuta pumzi na kusema leo darasa limeshapata kitoweo, bado ugali. Jioni tulikula perege kwa ugali wa uwele, na mlenda uliotiwa karanga, ule unaovutika kutoka bakulini hadi mdomoni. Bibi alinichambulia miiba hadi nikiwa mkubwa wa kuona aibu. Mpaka leo nikila samaki peke yangu nachambua taratibu, na naona kama kuna mtu ananiangalia.

Darasa la tatu tulifundishwa uzito. Mwalimu alichora mizani ubaoni, akatuambia kila kitu duniani kina kilo zake. Mimi, niliyekuwa naota kuwa nahodha, nikanyoosha mkono nikauliza mtumbwi wetu unabeba kilo ngapi. Mwalimu akafikiri, akasema nikamuulize bibi yangu. Nikamuuliza. Bibi alikuwa anapepeta mtama, hakuinua hata kichwa. "Mtumbwi haujui kilo," alisema. "Unajua maji yamefika wapi."

Halafu akanishika mkono tukaenda ufukweni, akanionyesha. Mtumbwi ukishapakiwa, unaingia majini, unauegemeza mkono ubavuni kwa nje, vidole vimelala kimoja juu ya kingine. Kidole cha juu kabisa kiguse mdomo wa mtumbwi. Vidole vinne vyote vikibaki vikavu, nenda salama. Maji yakilowesha hata kimoja, kuna mtu au kitu kinachotakiwa kushuka. Basi, hiyo ndiyo ilikuwa mizani yetu.

Na alinifundisha jambo la pili, ambalo ukiniuliza ndilo gumu zaidi. Mwanzoni mwa masika mtumbwi uliposhushwa majini baada ya kukaa kivulini kiangazi kizima, wanaume wanne waliubeba wakicheka. Bibi aliugonga kwa kifundo cha kidole, kama mnunuzi wa chungu, nao ukajibu ko, ko, sauti kavu. Mwisho wa masika mtumbwi ule ule ulitaka wanaume wanane, na wote waliguna. Akiugonga, ulijibu bu, bu. "Umekunywa," bibi alikuwa akisema. "Maji uliyokunywa yameshakaa kwenye nafasi ya samaki." Kwa hiyo mzigo wa mwanzo wa masika haukuwa mzigo wa mwisho wa masika, hata kama magunia ni yale yale.

Sasa nikuambie habari za jirani.

Jirani yetu alikuwa mtu wa Chemba, Msandawe, mpana, mcheshi, mwenye kicheko kilichovuka ziwa na kurudi. Alifuga punda. Kwetu alizungumza Kiswahili kama sisi, lakini punda wake aliwasemesha kwa lugha ya kwao, ile ya kupiga vidoko vya ulimi, na nakuapia punda wale hawakuelewa lugha nyingine. Yeye na bibi walikuwa wamejitangazia utani wenyewe, hakuna aliyekumbuka ulianza lini. Akipita asubuhi, badala ya salamu, alikuwa anaupiga mtumbwi kofi na kusema, "Mtani, siku ukifa huu nauchukua. Utakuwa hori la kulishia punda wangu."

Bibi naye, bila kuinua macho kwenye nyavu: "Na wewe ukitangulia, punda wako nitawafundisha kuogelea. Wana akili kuliko wewe."

Walicheka hivyo kila siku. Lakini kuna jambo moja bibi alimwambia bila kucheka. Jirani alizoea kupakia punda hadi punda mwenyewe aseme. Punda akizidiwa hulala chini njiani, hata umchape haamki, mpaka umpunguzie. Kwa mtu aliyelelewa na punda, mzigo unaozidi unajulikana kwa njia hiyo. Bibi alimwambia, "Punda akichoka analala, unamwona. Mtumbwi haulali, mtani. Ukilala, umelala na wewe."

Mwaka ninaoukumbuka, makorongo yalikata njia ya kuzunguka ziwa, na mnada ulikuwa ng'ambo. Punda hawakuweza kupita. Siku ya mnada watu wakawa wanavushwa na mtumbwi wetu. Ilikuwa mwisho wa masika. Asubuhi ile bibi aliitwa kijiji cha juu kwenye msiba, na kabla ya kuondoka akanisimamisha mbele yake, akanifunga vizuri kitambaa changu. Mtumbwi utabeba matenga mawili ya perege wetu, alisema, na jirani atakuja na mzigo wake. Mjomba atasukuma pondo, ule mti mrefu wa kuendeshea, hawezi kuendesha na kupima kwa pamoja. "Leo wewe ndiye jicho langu. Vidole vinne. Usimwonee mtu haya."

Nilikuwa na miaka tisa. Nilitembea hadi ufukweni kama mtu aliyevishwa joho.

Jirani alifika na punda wawili, kila mmoja na gunia la mtama, tena lumbesa, lile lililojazwa hadi likaongezewa kofia ya juu na kushonwa kwa kamba. Akaanza kupakia mwenyewe. Gunia moja upande huu, gunia moja upande huu, sawasawa kama mgongoni mwa punda. Halafu akatoa kamba ya mkonge, akayafunga magunia kwenye vijiti vya kukalia, akazungusha, akakaza kwa goti. Mjomba akasema pengine gunia moja lisubiri safari ya pili. Jirani akamkumbusha kuwa masika yalipoanza walivuka na mzigo huu huu, magunia mawili na matenga mawili, na mtumbwi ulikwenda kama bata. Hilo lilikuwa kweli. Halafu akanigeukia mimi, akainamisha kichwa kwa heshima zote. "Nahodha apime. Akisema nashusha, nashusha."

Nikakunja gauni, nikaingia majini hadi mapajani. Nikaegemeza mkono ubavuni mwa mtumbwi. Kidole cha shahada kikagusa mdomo wa mtumbwi, na kidole cha mwisho, kile kidogo, kikasimama juu ya maji kwa unene wa uzi. Vyote vikavu. Nikahesabu mara mbili, kwa sababu nilijua kazi yangu.

"Vinatosha," nikasema.

Mjomba akasema bismillahi, akasukuma pondo. Jirani akanipungia mkono, akaniahidi kashata kutoka mnadani.

Mwanzo walikwenda vizuri. Nilikisikia kicheko cha jirani kikififia kwa umbali, na pondo likiingia na kutoka majini. Halafu ule upepo wa vilimani, unaoamka jua likishapanda, ukaja. Haukuwa upepo wa kutisha. Ulikuwa wa kukunja maji tu, kama mtu anayekunja shuka. Lakini kila mkunjo uliofika kwenye mtumbwi uliacha maji kidogo ndani, na kila maji yalivyoingia, mkunjo uliofuata ulikuta mdomo uko chini zaidi. Nikamwona mjomba ameweka pondo, ameshika kopo, anachota. Kicheko kikakatika. Mtumbwi ulikuwa unapungua. Sina neno jingine: uliokuwa mtumbwi ukawa mstari, na juu ya mstari ule watu wawili wamekaa kama wamekaa juu ya maji yenyewe. Jirani hakujua kuogelea. Watu wa nyanda kavu za kwao wangejifunzia wapi?

Sikulia. Nilitazama mkono wangu tu, nikavihesabu tena vile vidole, vikawa bado vinne.

Bibi alitokea nyuma yangu, anatoka msibani, kanga yake bado imefungwa kiunoni. Hakuniuliza kitu. Aliingia majini na nguo zake hadi yakamfika tumboni, akaweka viganja mdomoni. "Tupeni mtama majini."

Nikamwona jirani anahangaika na kamba. Lakini kamba ya mkonge ikilowa hukaza, na fundo alilolifunga lilikuwa la punda, fundo la safari ya siku mbili, halifunguki kwa vidole vyenye hofu. Mjomba alikuwa mwisho wa mtumbwi akichota maji; akisogea kwenda kumsaidia, mtumbwi ungelala.

Bibi akayatazama matenga. Samaki wale walikuwa wa siku tatu za nyavu. Ndani yao ilikuwemo sare yangu mpya, na sukari, na mafuta ya taa. Halafu akapaza tena, kwa sauti ile ile kama anayeita watu chakulani, "Basi, tupeni samaki."

Matenga yakapinduliwa, moja, halafu la pili. Perege waliomwagika wengine, wa alfajiri ile, walikuwa bado hai, wakazama wenyewe kurudi kwao, na waliobaki juu, ndege yangeyange wakawashukia. Mtumbwi ukapanda. Kidogo tu, lakini niliuona ukipanda. Mjomba akaugeuza taratibu kama anayegeuza mtoto aliyelala. Walipokaribia, akashuka majini yakamfika kifuani, akauvuta. Jirani alikuwa amekaa katikati ya magunia yake, ameishika ile kamba kwa mikono miwili, na hakuiachia hata walipofika nchi kavu, mpaka bibi alipoitoa mikononi mwake, akimfungua kidole kimoja kimoja.

Ndipo akanigeukia mimi. "Ulipima?"

"Nilipima, bibi. Vidole vinne, vyote vikavu."

"Vya nani?"

Nikauinua mkono wangu. Akautazama muda mrefu. Halafu akauchukua, akauweka juu ya mkono wake, kiganja kwa kiganja, nami nikaona kwa macho yangu: vidole vyangu vinne vililala ndani ya vidole vyake viwili na nusu. Nikangoja kofi, au neno baya kuliko kofi.

"Kosa si lako," bibi alisema. "Nilikupa neno, sikukupa mkono."

Hapo ndipo nililia, tena sana. Na jirani naye, mwanamume yule mpana, akawa anajifuta uso kwa kofia yake na kusema ni maji ya ziwa.

Kesho yake alikuja mapema, hakupiga mtumbwi kofi. Alikuja na kile chuma anachochomea alama punda wake, na kaa la moto kwenye bati. Bibi akaelewa bila kuambiwa. Mtumbwi ulikuwa umevutwa juu. Akaegemeza mkono wake ubavuni, na pale kidole chake cha mwisho kilipoishia, jirani akachoma. Wakasogea hatua, akaweka mkono, akachoma. Walizunguka hivyo mtumbwi mzima kwa nje: hapo maji yasipite. Halafu wakazunguka kwa ndani, urefu ule ule: hapo mzigo usipite, kwa sababu mzigo ukirundikwa juu mtumbwi unakuwa na kichwa kizito, na wenye kichwa kizito hupinduka. Harufu ya mkuyu ukiungua ilikaa kwenye nguo zetu siku mbili.

"Sasa una alama ya punda, mtani," jirani alisema walipomaliza.

"Afadhali," bibi akamjibu. "Labda utauheshimu."

Tangu siku hiyo hakuna mzigo uliofungwa kwenye mtumbwi wetu, na hakuna aliyebishana na alama. Ikiloa, aliyepanda mwisho anashuka, awe nani. Siku moja aliyepanda mwisho alikuwa mwalimu mkuu, na alishuka, suruali ameikunja magotini na viatu kichwani, nasi watoto ilibidi tukachekee nyuma ya matete. Mimi niliendelea kuwa jicho la bibi. Sare nilishona kiraka, na kiraka hicho nilikivaa kama cheo.

Ziwa sasa halipo. Halikuondoka kwa siku moja, ndiyo maana hatukuliaga. Makorongo yalileta mchanga mwaka baada ya mwaka, masika mengine yakawa membamba, na kiangazi kimoja lilipoondoka kama kawaida yake, halikurudi tena. Leo ukienda utakuta mashamba ya mtama na watoto ambao hawajui kuwa wanacheza mpira mahali nilipokuwa nazama hadi mapajani. Mjomba alihamia Mtera kufuata maji, ndiye anayeniletea samaki ninaowakaanga. Na bibi alifariki mwaka juzi. Siku ya maziko jirani alifika na punda wawili na kamba, katikati ya watu wanaolia, akatangaza kuwa yeye ni mtani na amefuata haki yake. Akaufunga mtumbwi, akauburuza hadi kwake. Hakuna aliyemzuia, mtani hazuiliwi msibani. Watu wakacheka, wakalia, wakacheka. Yeye mwenyewe ndiye aliyelia kuliko wote.

Baada ya Idi nilikwenda kumsalimia. Amezeeka, ule upana umemwacha. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba nahodha, akanipeleka nyuma ya nyumba. Mtumbwi uko pale, umewekewa mawe pande zote mbili usiyumbe, na punda wanne wamezamisha midomo ndani yake. Ametimiza ahadi yake: hori la punda.

Akaleta debe la pumba, akamimina. Punda wakasogeana, wakataka zaidi. Debe lilikuwa bado nusu, na hori lilikuwa na nafasi. Lakini pumba zilipofika kwenye ile mistari ya alama za moto za ndani, akaacha kumimina, akaliweka debe chini. Nikamuuliza mbona asimalizie, hapa hakuna wa kuzama. Akaniangalia kama nimesema jambo la aibu. "Mtani alisema mzigo usipite hapo," alisema. "Mimi ni nani?"

Nikausogelea mtumbwi. Nikaegemeza mkono kwa nje, kidole cha shahada kwenye mdomo wake. Vidole vyangu vinne vikashuka, na cha mwisho kikaishia juu ya alama, bila nafasi hata ya uzi. Nilikaa hivyo kwa muda, punda ananipumulia begani pumzi ya moto yenye harufu ya pumba.

Ndiyo maana nilikawia kumjibu yule mtoto juzi. Nilivua kandambili, nikaingia kwenye yale maji mekundu ya Nkuhungu, nikachuchumaa nikaweka mkono kwenye ukingo wa beseni lao. Nikatoa nusu tofali, nikatoa kopo la mchanga, nikaacha kandambili.

"Vya bibi yangu," nikamwambia.